Upasuaji wa Kupangwa kwa Watoto Wakati wa Janga: Korona na Mkoa wa Mara

Madaktari huugawa upasuaji katika mafungu mawili makubwa: ule wa dharura, ambao mgonjwa asipofanyiwa ndani ya saa chache hupoteza uhai au kiungo, na ule wa kupangwa, ambao daktari na mzazi hupata nafasi ya kutazama kalenda na kuchagua siku. Katika fungu hili la pili yamo matatizo mengi ya watoto, yakiwemo ngiri, korodani isiyoshuka, mdomo sungura, kaakaa lililo wazi, mguu kifundo, mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, tezi za kooni zinazombana mtoto pumzi usingizini, na kufungwa kwa tundu la choo lililotobolewa tumboni mwa mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Kwa kuwa matatizo haya kwa kawaida hayaui usiku huohuo, ndiyo ya kwanza kuondolewa kwenye ratiba ya chumba cha upasuaji pale ugonjwa wa mlipuko unapoingia nchini. Uamuzi huo huonekana wa busara, na mara nyingine ni wa busara kweli. Kasoro yake ni kwamba mwili wa mtoto una kalenda yake, na kalenda hiyo haisimami kwa sababu kuna janga.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza virusi vipya vya korona kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, likauita ugonjwa huo janga la dunia tarehe 11 Machi, na siku 5 baadaye Waziri wa Afya wa Tanzania wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Wiki hiyohiyo hospitali za umma za Uingereza ziliagizwa kuahirisha upasuaji wote usio wa haraka kwa muda usiopungua miezi 3, na vyama vya madaktari wa upasuaji katika nchi nyingine tajiri vikatoa mwongozo unaofanana na huo. Watafiti wa mtandao wa CovidSurg walikadiria kwamba katika wiki 12 za msukosuko mkubwa zaidi, upasuaji zaidi ya milioni 28 ungeahirishwa au kufutwa duniani kote, na kwamba sehemu kubwa sana ya huo ilikuwa ya maradhi yasiyo ya saratani, fungu ambamo watoto wengi wamo.

Tanzania ilifuata njia yake. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020, lakini watu hawakuamriwa kubaki majumbani wala mikoa haikufungiwa mipaka, kwa hiyo mzazi wa Musoma, mkoani Mara, hakuhitaji kibali cha kumpeleka mtoto hospitali kama alivyohitaji mwenzake wa Uganda, ambako mwishoni mwa mwezi huo magari ya abiria na hata ya watu binafsi yalipigwa marufuku, na mgonjwa akalazimika kuomba ruhusa ya mwakilishi wa Rais wilayani. Hata hivyo njia iliyo wazi si huduma. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Tanzania kuanzia tarehe 12 Aprili hadi tarehe 18 Mei, na mashirika yanayosafirisha timu za madaktari wa kujitolea, kama vile Operation Smile, yalikuwa yamesitisha safari zao tangu Machi. Vifaa vya kujikinga vilipanda bei. Na hofu nayo ilikuwa na nguvu yake, kwani mzazi aliyesikia kwamba hospitalini ndiko walikolazwa wagonjwa wa korona aliona heri akae na mtoto mwenye ngiri nyumbani kuliko kumpeleka kwenye wodi yenye ugonjwa asioujua.

Ili uzito wa kuahirisha ueleweke, yafaa kuijua njia anayopita mtoto wa Mara hadi kufika kwenye meza ya upasuaji. Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ikaenda hospitali ya wilaya, iwe ya Butiama au Hospitali Teule ya Bunda, kisha Musoma, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, hospitali ambayo ujenzi wake ulioanza katika miaka ya 1970 ulikwama kwa miongo kadhaa. Yanayohitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, yaani mtaalamu aliyesomea kumpasua mtoto mchanga na si mtu mzima tu, hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mwanza tangu mwaka 1971, kilomita zipatazo 220 kutoka Musoma. Safari hiyo ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula na malazi ya siku zisizojulikana idadi, na kazi iliyoachwa nyumbani. Kwa mkulima wa pamba wa Bunda, tarehe ya upasuaji ikiangukia msimu wa mavuno, gharama hiyo huongezeka maradufu. Familia iliyojikusanya hivyo mara moja ikaambiwa irudi baadaye, mara nyingi haina uwezo wa kujikusanya tena haraka. Kwa sababu hiyo neno “tumeahirisha” lina maana nzito zaidi Butiama kuliko mjini London, ambako mgonjwa hupokea barua ya tarehe mpya.

Kila tatizo la mtoto lina saa yake, na hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote. Mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka tangu mtoto akiwa tumboni, kwa desturi hushonwa akifikisha miezi 3 hivi, na madaktari wengi wametumia kwa miaka mingi kanuni nyepesi ya makumi: umri wa wiki 10, uzito wa ratili 10 ambazo ni kilo 4.5, na hemoglobini, yaani kile kitu cha ndani ya chembe nyekundu za damu kinachobeba oksijeni, isiyopungua gramu 10 katika desilita moja ya damu. Mdomo ukicheleweshwa miezi michache, mtoto hapotezi mengi ila mama hupata tabu ya kunyonyesha na masimango ya majirani. Kaakaa lililo wazi ni jambo jingine: hilo hushonwa kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajaanza kuzungumza sawasawa, kwa sababu akijifunza maneno huku hewa ikitorokea puani, atabaki na sauti ya puani na matamshi ambayo watu hawayaelewi hata baada ya kushonwa. Watoto hawa wawili wanaweza kuwa kwenye orodha moja, kitabuni wakaandikwa kwa jina linalofanana, lakini kuchelewa kwa mmoja ni usumbufu na kuchelewa kwa mwingine ni hasara ya maisha.

Ngiri inafundisha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Ngiri ya kitovu, inayowatisha wazazi kwa kuwa inaonekana na kila mgeni, mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka 4 au 5, kwa hiyo inaweza kungoja janga zima lipite. Ngiri ya kinena haijifungi. Hiyo ni sehemu ya utumbo inayopenya kwenye upenyo ambao ulipaswa kuziba wakati wa kuzaliwa, na hatari yake kubwa iko katika mwaka wa kwanza wa maisha, kwani utumbo ukinasa humo hukosa damu na huanza kufa ndani ya saa chache. Mtoto aliyefutwa kwenye ratiba ya Jumanne kwa sababu ngiri yake “si dharura” anaweza kurudi Ijumaa usiku akitapika, tumbo limejaa, akihitaji upasuaji mrefu na wa hatari zaidi, pengine kukatwa utumbo, pengine korodani, na wahudumu walewale waliotaka kupunguziwa kazi wanajikuta wamebeba mzigo mkubwa kuliko ule waliouepuka.

Korodani isiyoshuka hungojewa hadi miezi 6, maana nyingi hushuka zenyewe, lakini baada ya hapo inashauriwa ishushwe kwa upasuaji kabla ya miezi 18, kwa kuwa joto la ndani ya mwili huharibu taratibu uwezo wake wa uzazi na huongeza uwezekano wa saratani ukubwani. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao ana saa fupi kuliko zote: ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya maisha, na jicho lililozibwa na ukungu muda huo wote halitaona vizuri hata ukungu ukiondolewa baadaye, ndiyo maana wataalamu wa macho hupenda kumfanyia mtoto huyo akiwa na wiki chache tu. Mguu kifundo kwa sehemu kubwa hautibiwi kwa kisu. Hunyooshwa kwa njia ya Ponseti, ambayo ni plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki kuanzia wiki za mwanzo, kisha kwa watoto wengi kano ya kisigino hukatwa kupitia tundu dogo, na mtoto huvaa viatu maalumu vyenye kiungio hadi miaka 4 au 5. Hapa janga hudhuru kwa njia isiyoonekana: hakuna upasuaji unaofutwa, ila plasta ya wiki ya tatu haibadilishwi, mama haji tena, na mguu hurudi ulikokuwa.

Wanaosahaulika zaidi ni watoto wenye tundu la choo tumboni. Mtoto akizaliwa bila njia ya haja kubwa, au sehemu ya utumbo wake ikiwa haina mishipa ya fahamu ya kuusukuma, hufanyiwa kwanza upasuaji wa dharura wa kuutoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo ili choo kipite, na baada ya miezi hufanyiwa wa pili wa kutengeneza njia, kisha wa tatu wa kufunga tundu. Hatua ya pili na ya tatu zimeandikwa kuwa za kupangwa. Kati ya hatua hizo mama anaishi na choo kinachotoka wakati wowote. Mifuko maalumu ya kubandika ni ghali na haipatikani kila duka la dawa, hivyo hukata khanga kuukuu vipande vipande, akavifunga tumboni mwa mtoto, akavifua mara nyingi kwa siku, huku ngozi ya mtoto ikichubuka kwa majimaji makali ya utumbo. Mtu akiitazama hali hiyo kwa karibu, ni vigumu akubali kwamba upasuaji wa mtoto huyu unaweza kuwekwa kwenye rafu moja na upasuaji wa urembo kwa sababu tu aina zote mbili zina tarehe.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa CovidSurg uliohusu wagonjwa 1,128 katika nchi 24 waliopasuliwa wakiwa na virusi vya korona: nusu yao walipata matatizo ya mapafu, na asilimia 23.8, karibu mmoja kati ya wanne, walifariki ndani ya siku 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 140,000 kutoka nchi 116, ulionyesha kwamba hatari hiyo ya ziada ilitoweka kwa kiasi kikubwa ikiwa mgonjwa alisubiri angalau wiki 7 tangu aambukizwe. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima. Watoto waliambukizwa lakini kwa kawaida waliugua kidogo au hawakuonyesha dalili yoyote, na vifo vyao baada ya upasuaji vilikuwa vichache kuliko vya wakubwa. Swali la usalama kwa hiyo lilibadilika sura: mtoto mwenyewe hakuwa hatarini sana kwa korona, bali aliweza kuwa mbebaji asiyejulikana, akamwambukiza mtaalamu wa usingizi aliyeinama juu ya uso wake, muuguzi, mtoto wa kitanda cha pili mwenye ugonjwa wa selimundu, na bibi yake aliyemsindikiza.

Mtaalamu wa usingizi ndiye aliye karibu zaidi na hatari hiyo. Ili mtoto apumue wakati wa upasuaji mkubwa, mrija huingizwa kooni hadi kwenye njia ya hewa, na tendo hilo, pamoja na kikohozi kinachofuata mrija unapotolewa, hurusha hewani matone madogo yenye virusi. Upasuaji wa mdomo, kaakaa, pua na koo unafanyika hapohapo virusi vinapokaa. Kwa sababu hiyo miongozo ya wakati wa janga ilitaka watu wawe wachache chumbani wakati wa kuingiza na kutoa mrija, wavae barakoa zinazochuja chembe ndogo na si zile za kitambaa, kichujio kiwekwe kati ya mrija na mashine ya usingizi, na chumba kiachwe kibadilishe hewa kabla mtoto mwingine hajaingizwa. Kwa upasuaji wa chini ya kitovu kuna njia ambayo inastahili kutumika zaidi hata pasipo janga: mtoto hulazwa kwa dawa nyepesi na kuchomwa ganzi sehemu ya chini kabisa ya mgongo, hivyo kwa watoto wengi mrija wa kooni hauhitajiki, na anapoamka hana maumivu kwa saa kadhaa.

Mtoto huchujwa kabla hajafika hospitali. Mwanzoni mwa mwaka 2020 vipimo vya korona vya nchi nzima vilipelekwa Maabara Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, kwa hiyo daktari aliyekuwa Musoma hakuweza kutegemea majibu kabla ya upasuaji wa kesho. Silaha yake ilikuwa maswali. Simu ya siku moja kabla, inayouliza kama mtoto ana mafua, homa au kikohozi, na kama yupo mtu nyumbani anayeumwa hivyo, humwokoa mzazi nauli ya bure na huiokoa wodi. Swali la mafua ni la zamani kuliko korona: mtoto mwenye mafua akipewa usingizi, koo lake huweza kujikaza ghafla na kuzuia hewa, ndiyo maana upasuaji wake huahirishwa kwa wiki 2 hadi 6 kulingana na ukali. Kuahirisha kwa sababu hiyo ni halali kabisa, mradi tarehe mpya itolewe papo hapo.

Katika mkoa ulio kando ya Ziwa Victoria, homa ina mitego yake. Mtoto wa Bunda mwenye joto anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa na korona, na anaweza kuwa na zote mbili, hivyo kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, daktari hatakiwi kuridhika na kusahau mapafu. Selimundu nayo, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, imeenea sana Kanda ya Ziwa. Mtoto mwenye selimundu akipata baridi mezani, akikosa maji mwilini au oksijeni ikishuka, chembe hizo huziba mishipa. Kwa hiyo kupima selimundu na wingi wa damu kabla ya kumlaza mtoto ni sehemu ya usalama kama ilivyo barakoa. Damu ya akiba ilikuwa na tatizo la pekee mwaka 2020, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari ni nguzo kubwa ya uchangiaji damu Tanzania na shule zilikuwa zimefungwa. Hospitali iliyotaka kumfanyia mtoto upasuaji mkubwa ilipaswa kuwa na damu mkononi kabla ya kupanga siku.

Jambo jingine linaloonekana dogo ni njaa. Mtoto huagizwa asile kabla ya usingizi ili asitapike na chakula kikaingia mapafuni, na kanuni inayokubalika ni saa 6 kwa chakula kizito na maziwa ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 1 hadi 2 kwa maji matupu. Uji huhesabiwa chakula, hata ukiwa mwepesi, na hapo ndipo kutoelewana kunapozaliwa, kwa sababu akina mama wengi huuona uji kuwa kinywaji. Muuguzi anayejua kazi yake haulizi kama mtoto amekula; huuliza, “Mama, mara ya mwisho mtoto alitia nini kinywani, na ilikuwa saa ngapi?” Kosa la upande wa hospitali hutokea mara nyingi zaidi: watoto wote huambiwa wasile tangu saa 6 usiku, kisha wa mwisho kwenye orodha huingia saa 8 mchana, amelia hadi amechoka, sukari imeshuka na mishipa imejificha. Wakati wa janga, chumba kinapoachwa kibadilishe hewa kati ya mtoto na mtoto, orodha huchelewa zaidi, na kosa hilo huwa kubwa zaidi. Dawa yake haina gharama. Kila mzazi apewe saa yake, mdogo kuliko wote aanze, na maji yaruhusiwe hadi muda ulio salama.

Wodini, msindikizaji mmoja kwa kila mtoto, vitanda vilivyoachana, madirisha yaliyofunguliwa na ndoo ya maji tiririka yenye sabuni mlangoni vilifanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Watoto wa miaka 5 na chini yake hawakupaswa kulazimishwa kuvaa barakoa, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilivyoshauri Agosti 2020, na mama anayenyonyesha hakupaswa kutenganishwa na mtoto hata akiwa na virusi. Alivaa barakoa, akanawa mikono, akanyonyesha. Kumruhusu mtoto aende nyumbani siku hiyohiyo baada ya upasuaji mdogo kulipunguza msongamano, ingawa jambo hilo linahitaji akili ya mahali: mtoto anayeishi Musoma mjini anaweza kurudi jioni, lakini wa kijiji cha ndani ya Butiama, ambako usafiri wa usiku ni bodaboda, ni salama zaidi alale karibu na hospitali, na kichanga aliyezaliwa njiti hapaswi kuruhusiwa siku hiyo hata kama nyumba yao iko ng'ambo ya barabara, kwa kuwa anaweza kusahau kupumua usiku baada ya dawa ya usingizi.

Ndani ya chumba cha upasuaji, kinga iliyothibitika zaidi ni karatasi moja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, ili timu nzima ithibitishe jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, mzio wa dawa, damu, dawa ya kuzuia maambukizi na idadi ya vitambaa na sindano. Kati ya hospitali 8 zilizoijaribu kwanza duniani ilikuwemo ya Ifakara, Tanzania, na kwa jumla vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miaka 10 baadaye mradi wa Safe Surgery 2020 ulifanya kazi katika vituo 10 vya Kanda ya Ziwa, ukivilinganisha na vingine 10, kwa kuwafundisha wauguzi na madaktari kazi ya pamoja na kufuata taratibu hizo. Wakati wa janga, karatasi hiyo iliongezewa maswali machache kuhusu virusi na mavazi ya kujikinga. Timu iliyokuwa imezoea kuisoma haikupata shida kuongeza maswali matatu. Timu iliyokuwa ikiijaza baada ya upasuaji kwa ajili ya faili haikuwa na pa kuyaongeza.

Oksijeni ndiyo iliyoamua mengi. Chumba cha upasuaji na wodi ya korona vilinyang'anyana mitungi ileile, na hospitali isiyozalisha oksijeni yake ilingoja lori. Septemba 2021 Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zipatazo shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye mitambo ya oksijeni, vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya dharura. Hiyo ni faida ya kudumu kwa watoto, kwa kuwa kila mtoto anayelazwa kwa usingizi anahitaji oksijeni pembeni na kifaa kidogo cha kidoleni kinachoonyesha kiwango chake katika damu, liwepo janga au lisiwepo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, lakini wiki chache kabla ya tangazo hilo, tarehe 21 Machi, ugonjwa wa Marburg ulikuwa umetangazwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa hilohilo, na Januari 2025 ukatangazwa tena Biharamulo. Marburg huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, si kwa hewa, na huua sehemu kubwa ya wanaoupata, hivyo kipimo cha busara kinabadilika: pale ambapo korona iliruhusu upasuaji wa kupangwa kuendelea kwa tahadhari ya pumzi, Marburg ikiwa wilayani inahalalisha kusimamisha kwa wiki chache hadi waliokutana na wagonjwa wamalize siku 21 za uangalizi. Hospitali inayojua saa ya kila tatizo la mtoto itaweza kuamua hivyo bila kuumiza, kwa kuwa itajua nani anaweza kungoja wiki hizo na nani apelekwe mkoa mwingine kabla.

Kinachohitajika zaidi Mara, kuliko mashine yoyote, ni daftari la kusubiri linaloheshimiwa. Daftari hilo liwe na jina la mtoto, tatizo lake, tarehe ya kuzaliwa, namba mbili za simu kwa kuwa simu ya kijijini huazimwa na kupotea, jina la kijiji na la mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, na, muhimu kuliko yote, tarehe ambayo kuchelewa kutaanza kumdhuru. Chuo Kikuu cha Chicago kilibuni mwaka 2020 mfumo wa alama unaopima upasuaji, ugonjwa na mgonjwa ili kuamua nani atangulie, na wataalamu wa watoto wakautohoa. Lakini safu ile moja ya tarehe ya madhara inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo Bunda au Butiama kwa kalamu na rula. Mpango wa Taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025 ulikwisha kukubali kwamba upasuaji ni sehemu ya huduma ya msingi. Daftari ndilo litakaloonyesha kama mtoto amefikiwa au ameachwa.

Wapo watoto ambao familia zao ziliambiwa zisubiri mwaka 2020 au 2021 na hazikurudi. Wazazi hao wasikate tamaa kwa kudhani wakati umepita: kaakaa hushonwa hata ukubwani na mafunzo ya matamshi husaidia, mguu kifundo uliochelewa bado hunyooshwa, korodani iliyobaki juu inapaswa kuchunguzwa katika umri wowote, na tundu la choo hufungwa. Mzazi achukue karatasi ya zamani ya rufaa hata kama imechakaa, aende nayo kwanza hospitali ya wilaya yake au Musoma, aombe mtoto aandikwe upya, na asiondoke hapo bila tarehe na namba ya simu ya kuulizia.